Begi la kurambazia kokanee katika maji ya Kivu: kipi kinafaa, kipi kibaki Idaho

Vifaa vya kurambazia kokanee, yaani kumvua kwa kukokota chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, vimebuniwa kwa ajili ya samaki mmoja na maji ya aina moja, na yeyote anayetaka kumwagiza ndugu yake aliye Marekani amletee begi zima kwa ajili ya Ziwa Kivu anapaswa kulijua hilo kabla ya kutoa dola zake. Begi ninalolizungumzia lililetwa na mdogo wangu anayeishi Boise, katika jimbo la Idaho, ambako familia nyingi za Kikongomani zimepata makazi na ambako uvuvi wa kokanee ni burudani ya kila majira ya joto. Ndani yake mlikuwa na fimbo mbili laini, rili mbili zenye kihesabu mshipi, winchi ya mkono ya kushushia ndoana, vibanio, vibamba vya kung'aa na pakiti kadhaa za vyambo bandia. Nimevijaribu hapa Bukavu, kati ya Muhumba na Nguba na mbele kidogo kuelekea Ibinja, mara nyingi kwa mtumbwi wa makasia na mara nyingine kwa boti ya mashine.

Kokanee ni samoni wa aina ya Oncorhynchus nerka, yule yule ambaye kwingineko hukulia baharini, isipokuwa huyu huishi maisha yake yote ndani ya ziwa. Hula viumbe wadogo mno wanaoelea majini, na kwa sababu hiyo hawi mkubwa wala mlafi kama sangara. Hata yule aliyeweka rekodi ya dunia, aliyevuliwa mwaka 2010 katika Ziwa Wallowa, Oregon, hakufika kilo 5. Maji ya juu yakipata joto wakati wa kiangazi, huteremka hadi penye nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi na kukaa hapo. Mvuvi wa huko basi ana matatizo mawili: kukifikisha chambo kwenye kina hicho hicho, si juu yake sana wala chini yake, na kumfanya samaki asiyewinda aume kitu asichokihitaji. Kila kifaa kilichomo begini ni jibu la mojawapo ya matatizo hayo.

Tatizo la pili hujibiwa na kibamba, yaani bati jembamba la urefu wa kiganja, lililopindwa kidogo, ambalo likikokotwa huyumba kulia na kushoto na kumulika. Nyuma yake hufungwa kipande kifupi cha mshipi, sentimita 20 hadi 45, halafu chambo kidogo cha rangi ya waridi, ya machungwa au ya kijani kinachong'aa. Kipande hicho kikifupishwa, chambo hurushwa kwa nguvu zaidi, kikirefushwa, hutulia. Wavuvi wengi wa kule wanaamini kwamba kokanee hukishambulia kwa hasira na si kwa njaa, lakini hawaishii hapo: kila ndoana huvikwa punje ya mahindi meupe iliyolowekwa katika mafuta ya samaki au kitunguu saumu. Mpiga kasia wangu, ambaye amevua Kivu tangu ujanani, alikitazama kibamba kikiyumba kando ya mtumbwi akasema, "Muzee, samaki ya huku haikulake chuma." Hakukosea sana. Katika maji ya wazi vibamba havikuniletea chochote. Karibu na miamba, ambako furu hukaa kwa wingi na kulinda maeneo yao, vyambo vidogo kabisa viliumwa, tena zaidi pale nilipokiondoa kibamba na kuacha chambo peke yake. Punje ya mahindi iliumwa pia, ila ukingoni penye matete na wakati mtumbwi ulipokuwa umesimama, na hapo ni uvuvi wa kawaida wa ndoana, ambao hauhitaji bati la Marekani.

Kilichostahili safari ile yote ni winchi ya mkono. Ni gurudumu dogo lenye kebo nyembamba ya chuma, mkono wa kuzungushia, breki, na kihesabu kinachoonyesha ni futi ngapi za kebo zimeshuka. Mwishoni mwa kebo hufungwa mpira wa risasi wa kilo 3 hadi 5. Mshipi wa fimbo hubanwa kwenye kibanio kilicho juu ya mpira huo, vyote vikazama pamoja, na samaki akiuma mshipi huchomoka, fimbo iliyokuwa imejikunja ikanyooka ghafla, na mvuvi akabaki anapambana na samaki bila kuuburuta ule uzito. Mpira wenyewe haukuletwa, kwa kuwa ungekula kilo za mzigo wa ndege. Fundi wa magari wa Kadutu alinipatia gia chakavu yenye uzito unaokaribia huo, nikaifunga kwa waya, nayo imefanya kazi vizuri, ingawa meno yake hupenda kukusanya majani ukingoni. Kebo ikiwa ndani ya maji hutetemeka, na ukiweka kidole juu yake unaweza kutambua kwa mtetemo tu kama kibamba bado kinayumba au kimenasa takataka.

Maji yetu hata hivyo yanakipa kifaa hiki kazi tofauti na ile kiliyotengenezewa. Kule hushushwa kutafuta baridi. Kivu, kutoka juu hadi mita 60, joto halitofautiani kwa kiasi cha kumhamisha samaki. Kinachotofautiana ni hewa. Ziwa lina kina cha mita zaidi ya 480, lakini oksijeni huishia kwenye mita 60 hivi, na mara nyingi juu ya hapo, na chini yake ni maji yaliyojaa kaboni dioksidi na methani, ile ile ambayo wenzetu wa Karongi, upande wa Rwanda, wanaivuta kuzalisha umeme. Anayeshusha ndoana kupita futi 200 anavua mahali pasipo na samaki hata mmoja. Kihesabu cha winchi kinamwonyesha mvuvi mpaka huo, jambo ambalo jiwe lililofungwa kamba haliwezi kulifanya kwa uhakika. Ila asikiamini kwa asilimia mia: chombo kikienda, kebo hulala nyuma, na kina halisi huwa pungufu ya kile kinachosomeka.

Kasoro yake kubwa ni vibanio. Vimekazwa kwa nguvu ya samaki wa sentimita 30 na kuendelea, na furu wa urefu wa kidole hana uwezo wa kuuchomoa mshipi, kwa hiyo huburutwa kimyakimya hadi mvuvi atakapopandisha kebo kwa sababu nyingine. Ukiubana mshipi kwenye ncha kabisa ya kibanio nafuu inapatikana, lakini mawimbi ya alasiri nayo huanza kuuchomoa bila samaki.

Fimbo sina la kuzilaumu. Zina urefu wa mita 2 na zaidi na ni laini hadi karibu na mpini, kwa sababu mdomo wa kokanee huchanika upesi na fimbo ngumu ingemng'oa ndoana. Ulaini huo unawafaa pia samaki wetu wadogo. Rili zenye kihesabu ni nzito kuliko kazi ya hapa inavyodai, lakini anayetaka kurudisha ndoana kwenye umbali ule ule alikoumwa atazipenda.

Kuhusu mwendo, maelekezo ya huko yanataka kilomita 1.6 hadi 2.4 kwa saa, polepole kuliko mtu anayetembea, na boti za mashine tulizonazo hata zikiwa katika mwendo wa chini kabisa hupita hapo. Mtumbwi wa makasia ndio unaoupata bila shida. Tena kila pigo la kasia husukuma na kulegeza, chambo kikaruka na kuzama, jambo ambalo wenye mashine hulitafuta kwa kupinda kushoto na kulia ili mshipi wa nje ya kona ukimbie na wa ndani uzame.

Anayetarajia sambaza, yaani dagaa wa Kivu, kwa begi hili aachane na wazo hilo. Sambaza naye ni mla viumbe wanaoelea, naye ni mgeni aliyepandikizwa, kwani aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na mchana hukaa chini kama kokanee afanyavyo. Kwa hiyo niliona haki ya kumjaribu. Lakini wavuvi wetu walikwisha kulitatua tatizo la kina kwa njia nyingine: hawamfuati chini, wanamngoja usiku usio na mwezi, wanawasha taa juu ya mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, naye hupanda mwenyewe hadi juu ya wavu. Kwa samaki anayeuzwa kwa kilo na kukaangwa mzimamzima, hakuna ndoana, ya Marekani wala ya kwetu, itakayoushinda wavu ule.

Begi hili basi ni la mtu anayevua kwa kujifurahisha mwisho wa juma, si la anayelisha nyumba yake kwa ziwa. Winchi peke yake huuzwa kule kwa zaidi ya dola 100, na kwangu mimi bei hiyo ni ya haki kwa kazi yake. Vibamba na vyambo vikubwa vinaweza kubaki Idaho. Atakayeagiza aombe winchi bila mpira, fimbo moja, vyambo vidogo kuliko vyote vilivyopo dukani, na vibanio vya akiba visivyopungua vinne, vya aina inayorekebishika ukazaji wake, kwa kuwa hivyo ndivyo huanza kuvunjika, na katika maduka yote ya Bukavu niliyoulizia hakuna anayeviuza.