Nawalipa watu wasifyeke: maoni yangu kuhusu watunza bustani wetu wapya

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya wakazi, kwa hiyo ankara zote za bustani hupita kwangu kabla ya kulipwa. Kampuni ya zamani haikuwa na fumbo. Walikuja kila wiki, wakafyeka mpaka udongo ukaonekana, wakapiga dawa ya magugu kando ya njia, wakapuliza majani kwa ile mashine inayoamsha watoto, wakaondoka na mifuko. Hawa wa sasa wanajitambulisha kama watunza mazingira ya kijani kwa njia za kiikolojia. Jina lao silitaji kwa sababu huko chini nina lawama. Ankara yao ya kwanza sehemu kubwa ilikuwa ya kitu kilichoitwa "ukaguzi", nami nikawaandikia kuuliza nyasi zinakaguliwa nini.

Wakanijibu kwa ramani. Walikuwa wamezunguka kiwanja kizima na koleo, wakachimba vishimo, wakavijaza maji na kupima yanachukua muda gani kuzama. Kutokana na hayo wakakigawa kiwanja. Langoni na uwanja wa watoto nyasi zibaki fupi. Chini ya miti pasifyekwe kabisa. Kando ya ukuta wa nyuma nyasi ziachwe zirefuke na kuchanua, zikatwe mara moja au mbili kwa mwaka baada ya mbegu kukomaa. Na lile bonde linalotuama maji lisijazwe kifusi, lipandwe. Mpango wa kukipa kila kipande huduma yake hawakuubuni wao: mji wa Rennes kule Ufaransa uliuanza mapema miaka ya 1980, na tangu 2017 sheria ya nchi hiyo inazuia mamlaka za umma kutumia viuatilifu vya kemikali katika bustani nyingi za umma.

Nianze na kilichonifurahisha kama mtu wa hesabu. Hawakati zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkupuo mmoja, na masalia hawayabebi. Mashine yao huyasaga na kuyaangusha palepale. Masalia hayo yakioza hurudisha nitrojeni, na inakadiriwa yanaweza kutosheleza hadi robo ya mahitaji ya nyasi kwa mwaka. Kwenye bajeti, fungu la mbolea limepungua na fungu la kusomba taka za bustani limebaki na matawi tu. Nyasi zenyewe zimeacha kugeuka kahawia kila jua likikaza, kwa kuwa jani refu huendana na mzizi mrefu na pia huufunika udongo.

Matandazo ndiyo yaliyoleta ubishi. Kampuni ya zamani ilikuwa ikirundika vipande vya mbao kuzunguka shina mpaka mti unaonekana umesimama juu ya kichuguu. Hawa walikuja wakayafukua yote, wakayasambaza upana wa kivuli cha mti, kina cha sentimita tano hadi kumi, na kuacha nafasi wazi kuzunguka shina. Gome lililofukiwa halikauki. Huoza, wadudu wakapata mlango, na mizizi mipya huanza kulizunguka shina badala ya kutoka nje. Tulikuwa na mti mmoja mdogo uliokuwa ukidhoofika kila mwaka na kila mtu akasema ni ukame. Walipofukua wakatuonyesha mzizi umelikaba shina. Jirani mmoja akadai mbao hizo zitanyonya rutuba yote. Zikichanganywa ndani ya udongo, kweli, vijidudu vinavyozioza huchukua nitrojeni iliyo karibu. Zikitandazwa juu, hilo hutokea pale tu mbao zinapogusana na udongo, na mizizi iko chini zaidi.

Kuhusu lile bonde, hofu ya watu ilikuwa mbu, na ni hofu ya haki. Walichanganya mboji kwenye udongo, wakapanda mimea asilia inayostahimili kuzama na kukauka, na wakaweka sharti kwenye mkataba kwamba maji ya mvua yawe yamezama ndani ya siku mbili. Mbu huhitaji kama wiki hivi ya maji yaliyotuama, wakati mwingine zaidi, kutoka yai hadi kuruka. Mvua kubwa zilipokuja maji yalizama ndani ya muda huo. Njia ya waenda kwa miguu haikufurika.

Vidukari walipovamia waridi za langoni, walikataa kunyunyiza dawa. Walisema tusubiri, wakatuonyesha wale wadudu wadogo wa mgongo mwekundu wenye madoa na mabuu yao, ambao vidukari ni chakula chao. Kusubiri kulichosha, na baadhi ya vikonyo vilipinda kabisa. Mwishowe waridi zilipona, lakini mpenda waridi zisizo na doa hatawavumilia hawa.

Sasa lawama. Kwanza, hawajui kuongea na watu. Nyasi ndefu za ukutani zilisimama wiki kadhaa bila kibao wala maelezo, na grupu la wakazi likajaa picha na maneno ya "tunaibiwa". Nikawalazimisha wakate ukanda mwembamba ulionyooka kando ya njia na kusimamisha kibao. Kelele zikaisha, ingawa nyuma ya ukanda hakuna kilichobadilika. Ukingo uliokatwa vizuri humwambia mpita njia kwamba kuna mtu anapatunza, na kampuni ya aina hii ingepaswa kulijua hilo kabla yangu.

La pili ni zito. Kazi ya kupogoa miti mikubwa waliwapa vibarua wa nje, nao wakakata kilele cha mti wetu mkubwa kuliko yote na kuacha visiki vya matawi. Tawi hukatwa nje kidogo tu ya ule uvimbe linapoungana na shina, kwa sababu humo ndimo mti hujengea kinga ya kuzuia uozo usiingie. Kisiki hakifunikwi, kinaoza kuelekea ndani, na machipukizi yanayofumuka juu yake hushika kwa udhaifu. Waliomba radhi na hawakututoza, lakini kilele hakirudi.

Tumewaongezea mkataba. Kupogoa kumeondolewa humo na kutapewa mpogoaji wa miti aliyesomea, na hakuna tawi kubwa litakalokatwa bila maandishi ya kamati. Ukaguzi nimeuacha ulivyo, na bei yake sijaigusa. Nawapa nyota nne kati ya tano.