Wembe wa mashine ya chuma unanyoa mara ngapi kabla ya kuutupa? Uzoefu wangu, mwenye ndevu za kipilipili

Nianze na jibu kabisa, mwenye haraka aondoke nalo: kwangu mimi wembe mmoja ni mara tatu, ukiwa mzuri sana mara nne, unatoka. Naongelea zile mashine za chuma za kufungua, unalaza wembe wenye makali pande mbili unakaza mpini, siyo sheva za plastiki wala zile za vichwa vyenye bledi tatu tano. Natumia miaka kadhaa sasa na siachi, ndevu zangu ni kipilipili haswa, ngumu, zinajikunja, na shingoni kila unywele unaota na njia yake.

Namba utakazoambiwa ni nyingi na siyo kwamba watu wanadanganya, ni kwamba kila mtu anasema ya shavu lake. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani wanashauri ubadilishe wembe au utupe sheva baada ya kunyoa mara 5 hadi 7. Mwenye ndevu laini za kulala anafika huko vizuri tu. Sisi wa kipilipili hapana, kwa sababu wembe ukishapungua makali haukati moja kwa moja, unauvuta unywele kwanza ndiyo unaukata, ukishakatika unarudi chini ya ngozi, na kwa vile umejikunja ukianza kuota tena unachoma ngozi kwa ndani badala ya kutokea kwenye tundu lake. Hivyo vipele vya kidevuni na shingoni ambavyo watu wanavipaka kila aina ya mafuta vinaanzia hapo, na ndiyo maana nang'ang'ania sana hii habari ya kubadilisha mapema.

Kuna kitu nilikuwa najiuliza siku zote, inakuwaje unywele laini uumalize chuma? Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walitoa utafiti wao kwenye jarida la Science, waliangalia wembe kwa hadubini wakati unakata nywele. Unywele ni laini karibu mara 50 kuliko chuma cha wembe, lakini ukiwa umeinama, na wembe ukaukuta kwa pembe fulani, na hapo kwenye makali chuma hakiko sawasawa ndani yake, basi kinamong'onyoka kijipande kidogo sana. Kwa hiyo makali hayaishi kwa kulika taratibu tu, yanatoka mapengo ambayo kwa macho huyaoni ila ngozi inayasikia aisee.

Ndiyo maana mimi maandalizi nayahesabu kama sehemu ya uhai wa wembe. Nanyoa baada ya kuoga, siyo kabla, unywele ukikaa kwenye maji ya vuguvugu dakika mbili tatu unalainika na wembe unapita bila kugombana, halafu napaka sabuni kwa brashi mpaka povu lishike. Na hapa watu wa Dar tuna letu, maji mengi ya visima yana chumvi, sabuni haitoi povu la maana, na ile chumvi ikikaukia kwenye wembe inakula chuma hata kama kimeandikwa stenlesi. Nikiwa na maji ya bomba au ya mvua nayatunza kwa ajili ya uso, na tofauti naiona kabisa, kwa maji ya kisima ile mara ya nne huwa haifiki.

Nikimaliza nasuuza, nalegeza mpini kidogo maji yapite katikati, nakung'uta, na mashine naiweka dirishani chumbani maana bafuni ni unyevu mtupu. Kuufuta wembe kwa taulo sifanyi, unaharibu makali na unaweza kujikata bure.

Dalili za wembe uliochoka ni rahisi kuzijua ukishazoea. Cha kwanza ni sauti, wembe mzima una kamlio kakavu ka kukata, uliochoka unakuwa bubu. Pili unajikuta unakandamiza, wakati mashine hizi uzito wake tu unatosha, mkono kazi yake ni kuongoza, wembe ulale kwenye ngozi kama nyuzi 30 hivi. Tatu ni shabu, lile jiwe jeupe la kupaka ukimaliza kunyoa, nikipaka likachoma uso mzima najua wembe ule umeniparua na haurudi tena usoni, hata kama ni mara ya pili tu. Kipimo changu kikubwa ni hicho cha shabu kuliko hata kuhesabu.

Kuhusu aina, Feather za Japani ni kali kuliko zote nilizotumia, zinataka mkono mwepesi. Kuna nyembe nyingine siku ya kwanza zinauma kidogo, ya pili na ya tatu ndiyo zinatulia, hizo usizihukumu mapema. Nunua vipakiti vya aina tofauti ujaribu, kila aina inaingia kwenye kila mashine, matundu yake ni yaleyale.

Wanaouvuta wembe mpaka wiki ya ngapi sijui kwa kubana matumizi siwaelewi kabisa, wembe mmoja haufiki bei ya soda. King Camp Gillette, Mmarekani aliyebuni hizi nyembe za kutupa, alipopata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1904 wazo lenyewe lilikuwa hilo, wembe mwembamba wa bei ndogo ambao ukiisha makali haunolewi, unatupwa na kuwekwa mwingine.

Na wembe hauazimwi, hata kwa ndugu yako wa tumbo moja, hata ukiuosha. Mbali na Ukimwi kuna homa ya ini B, kirusi chake kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado kikaambukiza.

Kutupa nako kuna utaratibu, siyo kuufunga kwenye karatasi ukauweka kwenye taka, kuna vijana wanapekua yale majalala mikono mitupu na watoto wanacheza humo. Mimi nilichukua kopo la maziwa ya unga nikalitoboa juu upana wa wembe, mfuniko nikaugundisha na gundi, kila wembe ukiisha unaingia humo na hautoki tena.