Wamenisafirishia nyumba bila kuniuliza

Programu hii ya bao nimeilipia hela yangu, toleo kamili lisilo na matangazo, kwa hiyo nina haki ya kusema. Anayetaka kujua inakula nafasi kiasi gani kwenye simu ataangalia mwenyewe. Mimi nina neno na shimo moja tu, nalo ni nyumba.

Wanaocheza wanalijua. Mashimo 32, kete 64. Kila mtu anaanza na kete 6 ndani ya nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia, na 22 zinabaki ghalani za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja kila zamu. Nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto kwako, safu ya mbele. Kwenye mabao mengi ya kuchonga hili huwa la mraba na mengine yote ya duara, hata gizani kidole kinalijua. Humu wameichora nyumba duara kama wenzake, wakaipaka kivuli cha kahawia juu ya ubao wa kahawia. Sasa njoo nayo kijiweni Makole, saa saba mchana, jua la Dodoma linawaka. Nimeikinga simu kwa kofia, nimeigeuza huku na huku, kivuli chenyewe hakionekani ng'o. Nabaki kuhesabu mashimo kwa macho kila zamu yangu ikifika.

Hilo ningelivumilia. Lililoniudhi lilitokea jioni moja, nacheza na mjomba.

Mjomba yuko Kondoa, na tangu nihamie mjini hatujakaa tena kwenye bao moja, ndiyo maana nikainunua. Tulipigiana simu kwanza, tukaweka spika ili tusikizane huku tunacheza. Bado tulikuwa kwenye kunamua. Nyumba yangu ilikuwa na kete 9. Nikamla mjomba kete 5, nikaanzia kichwa cha kushoto, shimo la mwisho la safu ya mbele: moja, mbili, tatu, nne, ya tano ikadondoka nyumbani, zikawa 10. Mbele yake upande wa mjomba patupu, hakuna cha kula. Hapo ndipo mchezaji anaamua mwenyewe, analala, yaani zamu inaishia hapo, au anasafiri, yaani anazoa kete za nyumba na kuendelea kuzimwaga. Mimi nilitaka kulala. Nyumba imenona, ghala bado lina kete, nisafiri niende wapi?

Haikuniuliza. Ikazoa kete zote 10 ikaanza kuzimwaga kulia, tak, tak, tak, zikakata kona zikaingia safu ya nyuma, ya mwisho ikaangukia shimo tupu. Sijagusa kitu. Kidole changu kilikuwa hewani.

"Mpwa, vipi? Umesafiri nyumba mapema hivyo?"

"Siyo mimi mjomba, ni simu hii."

"Simu ndiyo inacheza?"

Sikuwa na la kumjibu. Huyu ndiye aliyenifundisha kunamua nikiwa mdogo, na sasa anadhani nimesahau hata kutunza nyumba. Zamu zilizofuata alizila zile kete zangu za mbele moja baada ya nyingine, na nilimsikia kwenye spika kwamba hafurahii kushinda kwa namna ile.

Nikawaandikia watengenezaji. Nilianza kwa salamu, nikaeleza hatua kwa hatua, nikaweka na picha ya skrini. Siku kadhaa kimya, kisha likaja jibu: "Kaka, bao letu ndivyo lilivyo. Kama hulijui, jifunze kwanza." Basi. Hakuna pole, hakuna "tutaangalia". Nijifunze! Wazee wa kijiwe chetu niliwaonyesha simu, kila mmoja alisema neno lile lile: nyumba ya mtu haisafirishwi, husafiri mwenyewe akitaka. Jamani, mtu anayechora ubao wa bao lazima ajue kwamba mashimo hayalingani. Hili lina haki ambazo lile halina. Ukilichora sawa na mengine, haishangazi na programu ikalichezea sawa na mengine. Kosa la kanuni lilianzia kwenye mchoro, naamini hivyo kabisa.

Na dawa yake ni ndogo. Chora mraba. Kete ya mwisho ikiingia humo na hakuna cha kula, simamisha mchezo, weka vitufe viwili: Lala, Safiri. Kwisha.

Nisiwe mchoyo lakini. Aliyerekodi sauti ya kete alikuwa na bao la kweli mbele yake, maana ule mlio wa komwe, zile mbegu zinazotumika kama kete, juu ya mti ni wenyewe, mpaka mke wangu akiwa jikoni aliuliza nani kaja na bao. Kete zinadondoka moja moja, kwa mwendo unaokuwezesha kuhesabu. Rangi ya komwe wameipatia, ule ujivu wake. Vichwa wameviweka ukingoni mno mwa skrini, ukigusa kichwa simu inadhani unataka kutoka, ila hilo nalisamehe. Kwa kazi hii nilikuwa tayari kutoa nyota tatu, na nilishazibonyeza, kisha nikakumbuka lile jibu lao nikazifuta.

Binti yangu anaichezea kila akitoka shule, lakini yeye anacheza bao la kujifunza, kete 2 kila shimo, halina nyumba. Huko haijakosea hata mara moja, na mtoto ameshajua kula na kutakata, yaani kucheza zamu isiyo na cha kula, bila mimi kumkalia. Mzazi anayetafuta cha kumfundishia mwanawe achukue, toleo la bure linamtosha. Upande huo nne, natoa kwa moyo mweupe.

Kwa Bao la Kiswahili, ambalo ndilo walilolitangaza na ndilo nililolilipia, moja. Na hela yangu nimeshaidai, bado nasubiri wajibu.