Uzoefu wangu: kitini cha kulinganisha grafu na milinganyo

Hiki ni kitini cha kopi, kimebanwa pini, kinauzwa shilingi 2,500 kwenye steshenari za Ngamiani hapa Tanga. Nakitumia kwenye tuisheni ya kidato cha tatu na cha nne. Kila swali lina grafu na milinganyo minne, unachagua mmoja.

Ubora wake uko kwenye mitego. Kuna tao linalopita (0, −3), (1, −4) na (3, 0). Chaguo ni hizi:

A: y = x² + 2x − 3
B: y = x² − 3
C: y = x² − 2x − 3
D: y = −x² + 2x − 3

Wanafunzi hukimbilia x = 0 kwa kuwa hesabu yake nyepesi. Yote minne inatoa −3, hakuna kilichopungua. Weka x = 3: A inatoa 12, B 6, C 0, D −6. Grafu inasema 0, imebaki C tu; kazi imeisha. (D ungeweza kuifuta kwa macho tu, tao limefunguka kwa juu, na −x² hufunguka kwa chini.) Nukta moja ikigoma, mlinganyo unatupwa; ikikubali na mingine haijafutika, bado. Kwa milinganyo ya kipeo cha pili (yenye x²) subiri nukta tatu zikubali, maana matao mawili tofauti ya aina hii hayakutani zaidi ya mara mbili.

Angalizo ambalo kitini hakitoi: kwenye kikokotoo, x = −1 (tao linapita pia (−1, 0)) iingie na mabano, (−1)². Ukibonyeza −1² kinakupa −1, C inatoka −2 badala ya 0, na jibu sahihi unalikata mwenyewe.

Kasoro kubwa ni kopi. Kwenye swali hilohilo mraba mmoja wa mhimili wa y ni vizio 2, lakini namba zimefifia. Anayedhani ni kizio 1 atasoma (1, −2), na nukta hiyo inazikubali B na D, zote makosa! Ndiyo maana naanzisha wanafunzi na nukta zilizo kwenye mhimili wa x wenyewe: pale y ni 0, skeli ya y iwe yoyote.

Majibu ya nyuma ni herufi tupu, bila njia. Kwa mwenye mwalimu si tatizo. Anayejisomea peke yake atakwama.

Kabla ya kulipa, fungua kurasa za katikati uone kama namba za mihimili zinasomeka. Zikiwa ukungu, omba utolewe kopi kutoka nakala mama, hata kwa kuongeza mia tano.