Aweze na Asiweze: Uzoefu Wangu na Programu ya Kunasa Mahitaji Yanayopingana

Ninaandika nikiwa bado na hasira, hivyo msomaji anivumilie. Msimu uliopita wa kahawa nilipewa kazi ya kuunda mfumo wa mizani na malipo kwa chama cha msingi kimoja wilayani Mbozi. Waraka wa mahitaji, yaani orodha ya mambo ambayo mfumo unapaswa kufanya au kutofanya, ulikuwa na vipengele 214, yaani jozi 22,791 za kulinganisha, nami hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, nikaona ni heri kulipia huduma inayodai kunasa mahitaji yanayopingana kwa ujifunzaji wa mashine.

Jozi moja ndiyo iliyoniudhi. Kipengele kimoja kilisema, "Karani asiweze kubadili uzito baada ya risiti kutolewa." Kingine kilisema, "Karani aweze kubadili uzito baada ya risiti kutolewa, kabla mizani haijafungwa." Programu ilitamka kwamba vinafanana kwa asilimia 96, ikanishauri niviunganishe. Niviunganishe! Ugomvi wa risiti ndio uliowafanya wakulima wadai mfumo. Katibu wa chama, ambaye ni mzee, aliitazama skrini kwa muda, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani mashine yako haioni hiyo 'si'?"

Nilijua kilichotokea: programu hugeuza sentensi kuwa safu ya namba na kupima ukaribu wake, na ukanushi wetu ni silabi moja iliyojificha ndani ya kitenzi. Lakini mbele ya mzee yule niliona aibu tupu. Tena programu hiyohiyo ilikuwa imetangaza mgongano kati ya "saa kumi na mbili jioni" na "18:00".

Nilipolalamika, mhudumu alinijibu, "Ndugu mteja, wateja makini huandika mahitaji kwa Kiingereza." Makini! Tangu 2018 ipo XNLI, hifadhidata ya jozi za sentensi zilizowekewa alama kuonyesha kama zinaafikiana, zinapingana au hazihusiani, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake 15. Asiyeitumia asimsingizie mteja.

Nilikuwa nimekwisha kuiita huduma hii wizi, lakini nilipoipitia tena ripoti yake nilikuta imenasa mgongano wa kweli, nao unanilazimisha kupunguza makali. Kipengele cha 12 kinataka deni la mbolea likatwe lote kwenye malipo ya awali. Cha 187 kinataka mkulima asipokee chini ya nusu ya malipo hayo. Mimi na katibu tuliusoma waraka mara tatu bila kuliona hilo, na sehemu ya makato nilikuwa nimekwisha kuiandika. Mkulima mwenye deni kubwa angeondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo sisemi msiinunue. Ninachosema ni kwamba orodha ya "yanayofanana" isomwe kabla ya ile ya "yanayopingana", kwa sababu humo ndimo hatari ilimojificha kwangu. Ombi langu la kurudishiwa fedha bado halijajibiwa, nami sijaamua kama nitalifuta.