Nekromansa wangu aliishia ukingoni mwa karatasi

Naanza na hukumu ili wenye haraka waondoke nayo: matawi mapya ya kichawi ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimuliana ambamo tawi ni fani anayobobea mhusika wako, ni mazuri. Steshenari niliyoyaprintia hapa Mwanga, Kigoma, sitaki hata kuliona bango lake.

Wanaocheza wanajua. Kitabu cha wachezaji cha 2024 kilimwachia mchawi msomi matawi manne tu kati ya yale manane ya kitabu cha 2014. Sisi wapenzi wa nekromansa, yule anayeamsha maiti, tukaachwa kwenye mataa. Mwaka 2025 yakatoka maandishi ya majaribio, bure mtandaoni, yakawarudisha wale wanne walioachwa nje, nekromansa akiwemo, pamoja na wengine, wakiwemo mpiga mishale ya kichawi na mtawa mpiganaji mwenye michoro mwilini. Hao wengine sitawagusa sana, ingawa huyo mtawa mdogo wangu anamsifia mpaka kero.

Kwetu mezani simu hazikai. Msimulizi wetu, yule anayeuendesha mchezo, akikuona unaperuzi anakwambia joka limeshakuona na wewe. Kwa hiyo nikaweka faili kwenye flashi, nikaenda kuprinti.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

Akafungua faili, akaanza kusoma kwa kidole juu ya skrini, polepole, mstari kwa mstari. Mimi nimelipia kuprintiwa, sijalipia kukaguliwa. Halafu akageuka.

“Kijana, haya ya maiti unayafanyia nini?”

Nikamwambia ni mchezo tu, mzee, tunakaa mezani, tunarusha dadu, tunasimuliana. “Dadu?” Hapo uchawi ukaongezewa na kamari. Akamwita mama mmoja aliyekuwa anasubiri picha zake za pasipoti: “Mama, hebu sogea uone vijana wetu wanachosoma.” Mama akasogea, akachungulia, akashika mdomo. Nimesimama pale kama mwizi wa kuku. Jamani, huku kwetu kumwita mtu mchawi si utani, mtu anaweza kuhama mtaa kwa neno hilo, na yeye analitamka kwa sauti, mlango wazi, bodaboda wamejaa nje.

Angekataa kuprinti ningemheshimu. Mtu na imani yake. Hakukataa! Pesa yangu yeye hakuiona na uchawi wowote. Akaprinti huku anatikisa kichwa, akanikabidhi: “Nimekukuzia maandishi, usiumize macho.” Nani alikutuma? Maandishi yale yamepangwa safu mbili kila ukurasa. Alivyoyakuza, safu ya kulia imeliwa mwisho wa kila mstari. Palipokuwa na d8, yaani dadu ya pande nane, pamebaki d. Nikamwonyesha. Akasema yeye mambo hayo hayarudii, nimshukuru Mungu hata hizo nimepata. Hela hakurudisha.

Jioni ya mchezo ndiyo ikanitoa machozi. Nimeingia na nekromansa wangu, jina ninalo, historia ninayo, sauti yake nimeifanyia mazoezi bafuni. Pambano la kwanza, nataka kutumia uwezo wa tawi. Tunasoma, sentensi inafika pale pa kutaja kiasi, karatasi imekwisha. Mmoja anasema ni alama ya akili. Mwingine anasema hapana, ni ngazi ya mchawi. Msimulizi akasema turushe dadu kuamua, tukabishana ni dadu gani. Chai ikapoa, maandazi yakaisha, adui bado amesimama pale mlangoni mwa pango anatusubiri.

Nikiwa na hasira hizo nikaandika kwenye kundi letu kwamba hata waandishi wa mchezo wana lao. Tawi linaloegemea tarakimu kiasi kwamba namba moja ikipotea jioni nzima inakufa, hilo ni tawi au ni fomu ya kodi? Mtawa wa mdogo wangu alipiga ngumi zake akamaliza zamu yake. Na bado naona kuna ukweli humo.

Lakini nimekuja kuyasoma yote kwa simu, kwa utulivu, namba zikiwa mahali pake, na nalazimika kusema tawi limetulia. Uchawi wenyewe wa kuamsha wafu ni wa daraja la 3, maana yake mchawi anaufikia akiwa ngazi ya 5. Unatumia dakika nzima kuusoma, mifupa inakutii saa 24, usipokumbuka kuurudia haikutii tena, inabaki inakukodolea macho. Ndiyo raha yake: unatembea na jeshi huku unahesabu saa. Tawi linakuja kuunenepesha uchawi huo badala ya kukuacha na mifupa inayoanguka kwa pigo moja. Kumbukeni tu ni maandishi ya majaribio, yanaweza kubadilishwa, msije mkanilaumu.

Nyota nne. Nilikuwa nimeandika mbili, nimefuta.

Steshenari sifuri. Ingawa, niseme haki, cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu aliwahi kukitoa kopi safi kabisa, rangi imekaa, hata muhuri unasomeka. Kwa vyeti nendeni. Ila ikishatoka tu kwenye mashine chukueni karatasi zenu kabla hajaanza kusoma.