Kijitabu cha tafakari za Dominika, Mwaka A: kimenifuata hadi dukani

Nilikinunua duka la parokia wiki moja kabla ya Majilio, ulipoanza Mwaka A katika ule mzunguko wa miaka mitatu (A, B na C) wa masomo ya Misa, sh. 5,000. Nina kaduka ka rejareja hapa Kihonda, Morogoro, na kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo mimi ndiye msomaji wa Jumamosi asubuhi, maana wenzangu wengi husema miwani wameisahau nyumbani. Kila Jumamosi wameisahau.

Kila Dominika imepewa masomo yote kamili pamoja na zaburi, maelezo ya ukurasa mmoja, na maswali mawili ya kushirikishana kwa kufuata zile hatua saba za Lumko, yaani njia ya jumuiya kusoma na kushirikishana Neno la Mungu. Kuchapa masomo kamili kumetusaidia sana. Kuna jirani yangu Mlutheri huja kusali nasi. Dominika ya 24 somo la kwanza linatoka Yoshua bin Sira, na Biblia yake ya Union haina kitabu hicho. Zamani angefunua kurasa mpaka somo linakwisha. Safari hii nilimsogezea kijitabu tukafuatilia pamoja.

Hiyo Dominika ya 24 ndiyo iliyonifanya niandike haya. Injili ni ile ya mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Nimeisikia tangu utotoni, na wahubiri hulitaja hilo deni la pili kama kijihela tu. Mwandishi huyu kapiga hesabu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo mia ni siku mia za jembe. Kwa kibarua wa sh. 10,000, hiyo ni milioni nzima! Mtu akiwa na milioni yangu, mimi mwenyewe sijui kama koo lake litapona. Lile la kwanza ndilo halilipiki: talanta moja ni dinari 6,000, sasa zidisha mara elfu kumi.

Halafu swali la pili: "Nani yumo kwenye daftari lako?" Nadhani alimaanisha daftari la moyoni. Langu lina jalada jekundu, linaning'inia kwa kamba karibu na mizani. Nilirudi nikalifungua. Kuna mama mmoja, sh. 18,400, unga na mafuta ya kupima, tangu mumewe alipolazwa. Siku hizi akifika karibu na duka anavuka barabara apite ng'ambo. Nikapiga mstari kwenye jina lake, nikamtuma mwanangu akamwambie aje, sabuni ipo. Kijana wa bodaboda, sh. 47,000, sijamfuta. Yeye ananunua vocha duka la jirani kwa fedha taslimu, mimi namwona. Niliyasema hayo Jumamosi iliyofuata, wakacheka, mwenyekiti akaniambia, "Mama, wewe hatua ya sita, ile ya kutenda, bado hujaivuka."

Sasa kasoro. Herufi ni ndogo mno, na sisi tunakutana saa 12 asubuhi kwa mwanga wa mshumaa. Pini zilianza kung'oka kabla ya Pasaka. Kubwa kuliko yote, Dominika ya 3 ya Kwaresima kichwa cha ukurasa kinasema Mwaka A, lakini Injili iliyochapwa ni ya Mwaka B. Jumamosi tukatafakari weee jinsi Yesu alivyopindua meza hekaluni. Kesho yake kanisani Padre akasoma mwanamke Msamaria pale kisimani. Bibi mmoja wa jumuiya akageuka kunitazama: "Jana meza, leo ndoo?" Tangu hapo nalinganisha kwanza na kalenda ya liturujia iliyotundikwa sakristia.

Mwaka B nitakinunua tena. Ila kabla ya kukifungua nitakipeleka kwa fundi viatu pale stendi akishone mgongo kwa uzi.